Sauti ngeni kwenye injini: isikilize kabla hujaifungua

Kila anayeleta gari lenye kelele huanza kwa kuiga sauti yenyewe. Mmoja hupiga ulimi, mwingine hugonga kucha kwenye boneti, na kuna mzee mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, aliyewahi kuniimbia kabisa, mkono sikioni, mpaka vijana wa gereji wakaweka spana chini wakamtazama. Mie husikiliza kwa adabu, halafu huuliza: "Ami, hulia lini?"

Hapo wengi hukwama. Wanaijua sauti, wakati wake hawajauangalia. Na sauti yenyewe ni shahidi mwongo, kwa sababu husafiri ndani ya chuma: beringi ya alteneta (ile inayochaji betri) inakwaruza huku, wewe unaisikia kwenye kifuniko cha valvu kule. Wakati ni vigumu kukudanganya. Ikiwa hulia asubuhi tu, au mlima wa Mazeras tu, au unapoachia mafuta tu, washukiwa ishirini wamebaki watatu. Ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu: kwanza wakati, kisha mahali, na spana mwisho.

Kabla hujainama kwenye boneti

Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, gia iwe P au huru, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Kama umetoka msikitini na kanzu, kaivue kwanza. Leso, tai, mkufu na kamba ya kitambulisho vikae mbali, maana mkanda wa injini ukishika kitambaa hauachii. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo kimya kisikupe moyo wa kupeleka vidole pale. Na usifanye majaribio haya ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayomuua mtu akidhani ni usingizi tu.

Vifaa si vya bei: tochi, bisibisi ndefu, kipande cha mpira wa bustani cha kama mita moja, chupa ya kunyunyizia maji kama ile ya kupigia pasi, na simu. Bisibisi ndiyo kipimo chetu cha daktari. Ncha unaiweka kwenye chuma kisichozunguka, mpini unaugusisha kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mpira ni wa kusikia hewa: mwisho mmoja sikioni, mwingine unautembeza taratibu kando ya maungio, na ukifika panapovuja utasikia kama mtu anakunong'oneza.

Hatua ya kwanza: oili

Zima injini, ngoja dakika tano hadi kumi oili irudi kwenye sampu, bakuli lake la chini, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Usicheke. Nimewahi kuletewa gari lililovutwa kutoka Mtwapa, mwenyewe ameshaambiwa na watu watatu kwamba injini imenoki, yaani imekwisha ndani, na kijiti kilitoka kikavu. Ilikuwa imechelewa kidogo tu, tulijaza na sauti ikaisha. Wengine hawana bahati hiyo.

Injini ndogo hazina akiba. Ile 1NZ-FE ya Probox na Vitz hubeba kama lita 3.7 pamoja na filta. Ikikosa lita moja, zaidi ya robo ya oili yote haipo, na chache iliyobaki inafanya kazi ya wengi kwenye joto letu hili.

Angalia na sura yake. Nyeusi kwenye dizeli ni kawaida. Nyeupe kama tui ni maji yameingia. Ikinuka petroli, mafuta yameshuka kwenye sampu na kuifanya nyepesi. Ikimetameta kwenye tochi kama unga wa fedha, hicho ni chuma kinachotoka kwenye beringi: usiwashe tena, ruka hatua zote uende mwisho wa mwongozo.

Kama iko chini, jaza kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, washa, sikiliza. Tiktik nyingi huishia hapa. Neno moja kuhusu oili nzito: Mombasa tunaamini kwamba joto linataka 20W-50, basi hata injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 humwagiwa. Kelele hupungua kweli, sikatai. Lakini kilicholegea bado kimelegea, umekifunika blanketi, na asubuhi oili nzito huchelewa kupanda juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu.

Hatua ya pili: ipe sauti saa yake

Chukua karatasi, au uiseme kwenye simu, siku mbili tatu. Hulia injini ikiwa baridi au moto? Sekunde za kwanza tu au inaendelea? Gari likiwa limesimama injini inaunguruma, au ukikanyaga mafuta, au pale unapoachia? Ukiwasha AC? Ukikata usukani? Ukitia D au rivasi? Ukipanda mlima na mzigo?

Asubuhi, kabla hujawasha, fungua boneti, weka simu irekodi, ndipo uwashe stata. Sekunde tatu za kwanza baada ya usiku mzima zina habari ambayo hutaipata tena mpaka kesho yake, na ndizo mteja anazozikosa kila mara kwa sababu gari linafika gerejini likiwa moto. Kwa jaribio la pili, foleni ya feri ya Likoni ni zawadi. Umefika injini moto, umezima, dakika ishirini baadaye unawasha usogee. Sauti inayotokea hapo na haitokei asubuhi ina maana yake: oili moto ni nyepesi, na nafasi zilizochakaa hujitokeza ikiwa nyepesi.

Hatua ya tatu: ni injini kweli?

Simama, gia huru, kanyaga mafuta polepole. Sauti ikifuata mizunguko ya injini, endelea na mwongozo huu. Ikiwa huja tu gari likitembea na hufuata mwendo, tafuta kwenye beringi za magurudumu, tairi, au shafti. Usijaribu kuzima injini gari likiwa linakwenda ili usikie vizuri. Usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake.

Kwa gari la manyuali, kanyaga klachi. Sauti ikianza unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Ikiwa ilikuwepo na ikanyamaza unapokanyaga, ni beringi ya mbele ya giaboksi. Jaribio la sekunde tano, limeokoa injini nyingi zisifunguliwe bure.

Mtikisiko wa "ngo!" unapotia D au rivasi mara nyingi ni maunting, vishikizo vya mpira vinavyobeba injini. Mwenzako akae ndani, breki zote mbili zimeshikwa, atie D kisha R huku wewe umesimama ubavuni, si mbele. Injini ikiruka kama inataka kutoka, maunting imepasuka.

Hatua ya nne: mbele, kwenye mikanda

Mlio mkali wa "chwiii" asubuhi ya masika, unaoisha baada ya kona mbili, ni mkanda. Unyevu wa hapa unatosha kuufanya ulie hata bila mvua. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye upande wenye mifereji, ukiwa mbali na feni. Kelele ikinyamaza kwa muda mfupi halafu ikarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja au mkanda umechakaa uso. Ikizidi kuwa kali, mkanda umelegea au tensheni, puli inayoukaza, imechoka. Ile dawa ya kupaka sabuni ya kipande kwenye mkanda, achana nayo. Hunyamaza wiki moja na huula mkanda.

Mkwaruzo au mvumo usioisha ni wa beringi: alteneta, puli ya kati, tensheni, kompresa ya AC, au pampu ya maji. Gusisha bisibisi kwenye ganda la kimoja kimoja. Kile kibovu utakisikia kikikusagia mchanga sikioni. Ukiwa bado na shaka, zima injini, toa mkanda wa nje, zungusha kila puli kwa mkono na uitikise mbele na nyuma. Halafu washa bila mkanda kwa sekunde chache, usifikishe dakika, maana kwenye magari mengi pampu ya maji huzungushwa nao. Kelele ikitoweka, mkosaji yuko mbele na injini yenyewe iko salama. Mkanda wa taiming ni mwingine, ule uliofichwa ndani ya kifuniko: huo usiutoe kwa ajili ya kusikiliza sauti.

Pampu ya maji inastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu hapa tunaiua wenyewe. Rejeta ikipungua tunachukua mtungi wa karibu, na mtungi wa karibu Mombasa mara nyingi ni maji ya kisima, yana chumvi. Chumvi hula mapanga ya pampu na sili yake, sili ikivuja maji huingia kwenye beringi, na beringi huanza kuvuma. Tazama chini ya puli ya pampu kuna kitundu kidogo. Pakiwa na michirizi mikavu ya rangi ya kulanti (dawa ya kupoza injini) au ukoko mweupe, pampu imeshasema. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Bei yake ni ndogo kuliko pampu na gasketi ya hedi.

Usukani nao una sauti yake, mguno mzito unapokata kona hadi mwisho. Angalia oili ya usukani kwanza.

Hatua ya tano: tiktik ya juu

Sasa tumefika kwenye sauti inayoleta watu wengi kuliko zote: tik-tik-tik nyepesi, kama cherehani.

Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa kranki, shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni. Injini ikiunguruma mizunguko 750 kwa dakika, kranki inapiga kama mara kumi na mbili na nusu kwa sekunde, na valvu moja mara sita hivi. Mara sita sikio linaweza kuzifuata kwa kidole mezani. Kumi na mbili haliwezi, zinaungana zikawa mkwaruzo. Kwa hiyo tiktik unayoweza kuihesabu ni ya juu: valvu, tapeti (vipande vinavyosukuma valvu), kamshafti.

Kwenye injini zenye tapeti za oili, tiktik ya asubuhi inayoisha kwa sekunde chache ni oili inajaza tapeti. Ikiendelea injini ikiwa moto, rudi kwenye oili, filta na presha. Kwenye injini zisizo na tapeti za oili, nafasi ya valvu hupimwa kwa filagaji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi. Kwa 1NZ-FE ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi. Usiombe fundi azibane "mpaka zinyamaze". Valvu inayolia kidogo ni afadhali. Iliyobanwa mno haifungi vizuri, haipoi, na huungua ikiwa kimya kabisa.

Kabla hujafungua kifuniko cha valvu, ondoa hawa wanaoiga:

Moshi unaovuja kwenye manifoldi, bomba la moshi lililofungwa kwenye injini. Huu ndio tapeli mkubwa. Injini baridi hutoa tiktik safi kama ya valvu, ikipata moto chuma hutanuka, ufa hujifunga, sauti inaisha, na mwenye gari anapumua. Tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye maungio, na utembeze mpira wako karibu nayo bila kugusa. Jaribio jingine: injini ikiwa bado baridi, mwenzako azibe nusu ya mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde mbili tatu. Uvujaji utapiga kelele zaidi. Wanaoegesha karibu na bahari, Nyali, Bamburi hadi Shanzu, wazitazame na bolti za manifoldi, chumvi ya upepo huzila zikakatika vichwa.

Plagi iliyolegea hutoa "chf, chf" yenye pumzi, na mara nyingi utaona weusi kuizunguka.

Injekta. Zina tiktik kavu, ya haraka, na ni kawaida, hasa kwenye injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Weka bisibisi kwenye kila moja. Zikifanana zote, ziache.

Na kile kibati chembamba kinachokinga joto la ekzosi. Kutu ikila bolti zake, hutetemeka "zzzz" kwenye mizunguko fulani tu, ukipita inanyamaza. Injini ikiwa baridi, kigonge kwa ngumi. Kikilia, umekipata, na klipu moja ndefu ya chuma inamaliza kazi. Nimeona mtu ameuziwa cheni ya taiming kwa sababu ya kibati hiki.

Hatua ya sita: cheni

Cheni ya taiming, ile inayounganisha kranki na kamshafti, ikilegea sauti yake ni kayamba. Inatikiswa upande wa mbele wa injini, hasa sekunde mbili za kwanza asubuhi, kabla presha ya oili haijafika kwenye tensheni. Ikiwa ni sekunde moja, na ilianza baada ya sevisi ya juzi, kabla hujaagiza cheni badilisha filta: filta za bei ya chini nyingine hazina valvu nzuri ya kuzuia oili isirudi chini usiku, kwa hiyo asubuhi njia za oili ni tupu. Ikidumu, au ikirudi ukiachia mafuta, fungua kifuniko upime. Cheni iliyotanuka hubadilisha taiming, na mashine ya kusoma kompyuta ya gari mara nyingi itaonyesha namba ya kosa la kamshafti na kranki kutokubaliana.

Kwa mkanda wa taiming usingoje sauti, wengi wao hukatika kimya. Magari mengi hutaka ubadilishwe kwenye kilomita 100,000 au karibu na hapo. Kitabu cha gari ndicho hakimu.

Hatua ya saba: sauti ya mlimani

Wauza kahawa wetu hugonganisha vikombe mkononi wakitembea. Sauti hiyo hiyo, kali na nyepesi, ikitoka kwenye injini unapopanda Mazeras na familia nzima ndani, na ikatoweka ukipunguza mafuta, ni mchanganyiko wa petroli na hewa unaolipuka vibaya ndani ya silinda. Hakuna kilicholegea bado. Kitakacholegea kiko njiani, kwa sababu mlipuko huo hupiga pistoni kama nyundo.

Sababu zake: injini inachemka kuliko kawaida, petroli duni, masizi yameganda ndani ya silinda, taiming imetangulia, plagi si za joto linalotakiwa, au sensa inayosikiliza mlio huu imekufa. Anza na joto. Halafu jaza petroli kwenye kituo kingine unachokiamini, uone kama tangi zima linabadilisha kitu. Hapo hapo mlimani, dawa ya haraka ni kushusha gia, uache injini izunguke kwa wepesi badala ya kulazimishwa.

Hatua ya nane: chini

Sauti nzito ndiyo inayotisha, na inafaa itishe. Ila hapa ndipo mafundi, na mie nikiwamo, hukosea kwa gharama kubwa.

Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) iliyokwisha hugonga "ko-ko-ko" kwa mwendo wa kranki, injini ikiwa moto huzidi, na husikika wazi zaidi ukipandisha mizunguko hadi 2,000 au 2,500 kisha ukaachia. Beringi kubwa za kranki hutwanga kama kinu, chini kabisa, zaidi kwenye mzigo, na presha ya oili huwa imeshuka. Pistoni iliyolegea kwenye silinda hugonga asubuhi kwa sauti ya mti, kisha hunyamaza ikipata joto na kutanuka. Hiyo watu huendesha nayo miaka. Pini ya pistoni hupiga mara mbili mbili.

Jaribio la kutenganisha ni kuinyima silinda kazi. Kwenye petroli ya kisasa, chomoa plagi ya umeme ya injekta ya silinda moja, sikiliza sekunde chache, rudisha, nenda ya pili. Ni bora kuliko kuchomoa koili, kwa sababu ukichomoa koili petroli isiyoungua hukimbilia kwenye ekzosi na kuharibu kisafishaji cha moshi. Sauti ikipungua sana kwenye silinda moja, konrodi au pini ya silinda hiyo ndiyo mshukiwa. Isipobadilika kwenye silinda yoyote, tia shaka kama ni konrodi kabisa. Taa ya injini itawaka, itafutwa baadaye.

Mie nililiruka jaribio hilo siku moja. Gari la otomatiki, sauti nzito, ko-ko-ko, nikalisikiliza nusu dakika nikatoa hukumu. Tukateremsha sampu, tukafungua kepu za konrodi moja baada ya nyingine chini ya tochi. Beringi ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya nne ilikuwa laini kiasi kwamba niliona kivuli cha kidole changu juu yake. Kijana wangu akanyamaza, hakuniuliza kitu, na kimya chake kiliniuma kuliko maneno. Tuliporudisha kila kitu ndipo nikaweka bisibisi nyuma, kwenye ganda la giaboksi, ikanipiga sikioni. Bamba jembamba linalounganisha kranki na giaboksi lilikuwa limepasuka kuzunguka bolti za katikati. Kazi ya sampu na gasketi yake nilibeba mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya sampu, hakikisha hawa: bamba hilo la nyuma na bolti zake, bolti ya puli ya kranki mbele, na puli yenyewe, kwa sababu nyingine zina mpira katikati na ukitoka, duara la nje hugonga. Zote tatu hupiga kwa mwendo wa kranki kama konrodi.

Kisha pima presha kwa geji. Toa swichi ya presha ya oili, funga geji mahali pake, pasha injini moto kabisa. Kanuni ya gereji ni takriban psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kwa kila mizunguko 1,000, na kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate. Usitegemee taa ya dashibodi, yenyewe huwaka presha ikiwa imeshaporomoka.

Mwisho, kata filta ya oili kwa msumeno au kikata filta, kunjua karatasi yake juu ya gazeti jeupe, na upitishe sumaku. Vinavyonasa ni chuma cha kamshafti, ringi au cheni. Vinavyobaki vikimetameta rangi ya fedha au shaba, na sumaku haivitaki, mara nyingi ni vya beringi. Karatasi safi ni habari njema kuliko maneno ya fundi yeyote.

Wenye dizeli

Dizeli hugonga kwa asili yake, kwa hiyo sikiliza mabadiliko. Kugonga kukali kwa silinda moja, pamoja na moshi mweupe au mweusi na mtetemo, mara nyingi ni injekta. Kwenye Canter za zamani zenye pampu ya mitambo, fundi hulegeza nati ya bomba la injekta moja baada ya nyingine, kwa glavu na kitambaa, na sauti ikiisha ameipata. Jaribio hilo USILIFANYE kwenye dizeli za komon reli, zile ambazo injekta zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa. Tairi la gari dogo lina presha ya baa mbili na kidogo. Reli hizi hufika zaidi ya baa 1,600. Dizeli ikitoka hapo hutoboa ngozi kama sindano, na kidonda kinachoonekana kidogo hugharimu kidole au mkono. Hospitali mara moja, hata kama hakiumi. Injekta za komon reli hupimwa kwa mashine, kwa kusoma masahihisho ya mafuta ya kila silinda na kiasi kinachorudi.

Ukisikia "chf chf" na ukaona lami nyeusi ngumu kuzunguka shina la injekta, ile washa, ringi bapa ya kuziba iliyo chini yake, inavujisha. Itengeneze mapema, kwa sababu masizi hayo yanaweza kuishia kwenye oili na kuziba chujio la sampu.

Turbo ikianza kulia kama king'ora, toa mpira wa hewa injini ikiwa imezimwa na baridi, tikisa shafti. Ikicheza hadi mapanga yaguse ganda, imekwisha. Mvumo wa "shhhh" ukikanyaga, na gari halina nguvu na linatoa moshi mweusi, ni mpira wa hewa umechanika au klipu imeachia, kazi ya nusu saa.

Lini uzime

Taa nyekundu ya oili, ko-ko-ko nzito inayozidi, geji ya joto iliyopanda, au mlio wa chuma ulioanza ghafla: toka barabarani, zima, usiwashe hata kusogeza. Najua ikitokea katikati ya daraja la Makupa magari yatakupigia honi mpaka uone haya. Sukuma. Beringi hubadilishwa, kranki iliyokwaruzika hupelekwa kusagwa, na bei zake hazifanani. Tiktik nyepesi, mkanda unaolia, kibati kinachotetemeka, hivyo vitakufikisha nyumbani na hata kazini kesho.

Ukinunua gari la mtumba, mwambie muuzaji utakuja alfajiri na asiliwashe kabla hujafika. Fika, sema salamu, na kabla ya lolote weka kiganja juu ya boneti. Ukiikuta ina joto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muulize kwa upole lilikuwa limetoka wapi.